Karatasi ya Aina Kumi

Ujumbe wa kwanza ulikuwa salamu tu. Hyerim aliuandika saa nne asubuhi, amekaa sakafuni jikoni kwao, mgongo ameuegemeza kwenye friji: Wifi, umekula? Bogyeong, mchumba wa kaka yake, hakujibu. Alikuwa kazini katika duka la dawa karibu na stendi ya mabasi ya mji wa Cheongju, na siku hiyo watu wenye mafua walikuwa wamejipanga mpaka nje. Kufikia saa saba mchana Hyerim alikuwa ameandika mara kumi na tisa. Kufikia saa tisa zilikuwa jumbe sitini na mbili, na ule wa mwisho ulisema: Nilijua tangu mwanzo wewe ni nyoka.

Saa kumi kasoro robo aliingia dukani mwenyewe. Alishika skafu ya bluu ambayo Bogyeong alikuwa amempa wiki tatu nyuma, siku ile Hyerim alipomwambia kila mtu nyumbani kwamba amempata dada aliyekuwa akimtafuta maisha yake yote. Aliiweka juu ya kaunta, mbele ya wateja kumi na mmoja.

"Chukua kitu chako," alisema. "Umenitupa, nami nakurudishia."

"Hyerim, nilikuwa na kazi. Simu zetu zinafungiwa kabatini, hatuna ruhusa ya—"

"Usinidanganye."

Kisha akalia. Kisha akaomba radhi, akapiga magoti pale pale kwenye vigae, akashika pindo la koti jeupe la Bogyeong. Bogyeong alipoinama kumwinua, Hyerim akajinasua kwa nguvu, bega likagonga rafu, chupa za vitamini zikaanguka na kubingirika mpaka miguuni mwa watu. Mwenye duka alimshika kiwiko akamtoa nje kwa upole, kama mtu anayemtoa mbwa wa jirani aliyeingia kwa bahati mbaya. Upole huo ndio uliomuuma Hyerim kuliko yote. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, kilomita sita, na hakusubiri taa ya barabarani hata moja.

*

Kina Hyerim walikaa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, juu ya duka la kufulia nguo. Walikuwa wanne. Baba, Ok Jongtae, alikuwa mlinzi wa majengo ya ghorofa mtaa wa pili, siku moja kazini, siku moja nyumbani. Mama, Pyo Sunrye, alikuwa na kibanda sokoni cha kurekebisha nguo: kufupisha suruali, kubadilisha zipu, kupunguza viuno vya sketi. Junseop, mtoto wa kwanza, alikuwa fundi wa lifti. Hyerim, miaka ishirini na sita, ndani ya miaka minne alikuwa ameacha au kuachishwa kazi tano.

Jioni hiyo Junseop alisimama katikati ya sebule, begi la zana bado liko begani.

"Mzee Ban amenipigia," alisema. Mzee Ban alikuwa baba yake Bogyeong, mwalimu mkuu mstaafu. "Hakufoka. Afadhali angefoka. Ameuliza tu kama ukoo wetu una ugonjwa wa akili. Anataka karatasi ya daktari kabla familia hazijakutana."

Familia zilikuwa zikutane Jumamosi ya wiki ya tatu, kwa chakula cha mchana, na chumba cha hoteli kilikuwa kimeshawekwa.

"Karatasi itapatikana," Jongtae alisema. Alikuwa anapanga viatu vya mlangoni, visigino vyote vikiangalia upande mmoja. "Daktari atamtazama, ataandika ni mzima, yameisha. Huyu si mgonjwa. Huyu kadekezwa na mama yake."

"Nimemdekeza mimi?" Sunrye aliuliza taratibu.

"Nani anamshonea mashati ya mikono mirefu mwezi wa nane, joto lote lile, ili watu wasione alama za mikononi?"

Kweli Sunrye alikuwa amemshonea mashati sita kiangazi hicho, mikono ikifika vidoleni. Hakuwahi kumuuliza neno. Alipima mkono, akaandika sentimita, akashona.

Hyerim alisikia yote kutoka nyuma ya mlango wa chumba. Alitoka uso umemvimba.

"Nipelekeni," alisema. "Mkishanifikisha mniache hukohuko, si ndicho mnachotaka? Kaka, sema basi. Sema nisingezaliwa mimi, wewe saa hizi ungekuwa umeoa."

"Sijasema hivyo."

"Lakini umewaza."

Junseop alilipandisha begi la zana begani. Alikuwa amewaza hivyo kwenye basi, kati ya vituo viwili, na tangu hapo alikuwa anajichukia. Aligeuka akashuka ngazi bila kuaga.

*

Daktari Bang alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mikwaruzo. Aliongea na Hyerim peke yake karibu saa nzima. Nje, Jongtae alikaa kwenye kiti cha kona ambapo mpita njia hawezi kumwona. Wakazi wa majengo anayolinda walikuwa wengi, na mji wenyewe si mkubwa. Alikuwa amelipa won elfu thelathini na nane kwa noti badala ya kadi, na aliuliza mara mbili kama jina litaonekana popote. Mfukoni alikuwa na maswali manane aliyoyapa namba.

Walipoitwa ndani alianza na la kwanza. "Utaandika kwamba ni mzima?"

"Hapana," daktari alisema. "Na sitaandika kwamba ni kichaa, maana si kichaa."

"Sasa ni nini?"

Daktari alimtazama Hyerim. "Niwaambie mimi, au utasema mwenyewe?"

"Sema wewe. Mimi nikisema wanasikia kelele."

"Kila mtu ana alivyojengeka," daktari alisema. "Namna yake ya kupenda, ya kuogopa, ya kukasirika. Wewe baba una yako, mimi nina yangu. Kwa wengi wetu namna hiyo inanyumbuka kidogo kufuatana na siku na watu tunaokutana nao. Kwa wengine hainyumbuki. Inavunja kazi, inavunja urafiki, inavunja ndoa, mwaka hadi mwaka, na mwenyewe anaona lakini hawezi kuizuia. Hapo tunasema mtu ana tatizo la haiba. Aina zake ni nyingi na hazifanani. Ya binti yenu ni ile ya hisia zinazopanda na kushuka kwa kasi, na chini yake kuna hofu ya kuachwa. Mtu asipopokea simu, wewe unasema ana shughuli. Yeye mwili wake unamwambia ameshaachwa. Haigizi. Maumivu anayosikia pale ni ya kuachwa kweli."

Sunrye alishika ukingo wa meza. "Kosa ni letu?"

"Sitafuti kosa, mama. Kuna watu wanazaliwa na ngozi nyembamba, halafu wanakulia wanapokulia. Yote mawili yanachangia, na mara nyingi hatujui lipi lilizidi."

"Linaisha?" Hilo lilikuwa swali la tano la Jongtae.

"Linapungua. Wengi niliowahudumia walipata nafuu, lakini ilichukua miaka. Kwa wiki mbili, hapana. Yeye atakuja kwangu kila wiki, kuna mazoezi atajifunza. Nyinyi lipo darasa la familia, kila Jumatano saa kumi jioni, jengo la afya la wilaya. Halina malipo."

"Jumatano niko zamu."

"Kila Jumatano?"

Jongtae alikunja karatasi yake, ingawa maswali matatu yalikuwa hayajaulizwa.

Kituoni, wakisubiri basi, Hyerim hakuweza kukaa. Alikwenda mpaka kwenye nguzo ya ratiba, akarudi, akaenda tena.

"Kwa hiyo lina jina," alisema.

"Ndiyo," mama yake alisema.

"Miaka yote hii nilidhani jina lake ni Hyerim."

*

Darasa lilikuwa chumba cha chini chenye harufu ya rangi mpya. Walikuja watu saba. Muuguzi Tak, mwanamume mnene mwenye miwani, aligawa karatasi moja moja yenye maelezo ya aina kumi za tatizo la haiba, kila aina mistari minne au mitano.

"Tusome polepole," alisema. "Na tafadhali msikimbilie kumtafuta mtu."

Hakuna aliyemtii. Mwanamke mmoja aliyekuja na mfuko wa figili aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Huyu anayemshuku kila mtu, hata mke wake anaona anamfanyia njama, ni mume wangu huyu. Akitoka anapiga alama kwa kalamu kwenye chupa ya maji, aone kama nimeigusa."

Mzee aliyekaa nyuma yake alisoma kwa muda mrefu. "Mwanangu hatoki chumbani," alisema mwishowe. "Yumo humu mara mbili. Hapa wanasema kuna anayejitenga, na hapa tena wanasema kuna anayejitenga."

"Swali zuri hilo," Muuguzi Tak alisema. "Yupo anayekaa peke yake kwa sababu hana haja na watu, ametosheka. Na yupo anayewataka watu mno, ila ana hakika wakimwona watamkataa. Ukisimama nje ya mlango huwezi kuwatofautisha. Mwanao chakula anakula na nyinyi?"

"Anakula tukishalala. Lakini mlango anauacha wazi kidogo, hivi." Mzee alionyesha kwa vidole viwili.

"Basi muulize huo mlango."

Mzee alivua miwani akaifuta. "Miaka minane nimekuwa nikimwita mvivu."

Sunrye alirudi na karatasi yake akaibandika kibandani, ukutani juu ya cherehani. Siku zile alikuwa anakwenda na Hyerim sokoni ili asimwache peke yake. Hyerim alikaa kwenye kigoda akichambua vifungo kwa rangi. Sunrye alianza kwa kusoma. Ilipofika siku ya pili alikuwa anawapa watu namba, na jirani yake muuza tofu, Mama Deoksu, alikuwa anamsaidia.

"Yule wa koti la manyoya," Mama Deoksu alinong'ona, "anayetaka sketi yake itangulizwe, na asante hajui inavyotamkwa?"

"Namba saba. Anajiona hana mfano."

"Na mimi je?"

"Wewe namba sita. Unataka soko zima likutazame."

"Likinitazama linanunua."

Hyerim alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya duka la dawa, na Sunrye alikawiza mguu kwenye pedali makusudi ili kicheko kisifunikwe na mashine. Hyerim aliinuka, akaanza kusoma karatasi mwenyewe. Alipofika mwisho kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mama. Huyu anayetaka kila kitu kifuate mpango wake. Hawezi kumwachia mtu kazi kwa kuwa mtu ataikosea. Anasahihisha watu mpaka wanaacha kuongea naye. Namba kumi. Ni nani huyu?"

Sunrye aliinamia mshono. "Usimwambie."

Alimwambia siku hiyohiyo, mezani. Jongtae alikuwa na kisu kidogo, anavikata upya vipande vya figili vya kimchi, achari ya mezani, kwa sababu havikulingana.

"Baba, na wewe umo kwenye karatasi. Namba kumi."

Jongtae aliweka kisu chini, sambamba na vijiti vya kulia. "Nimefanya kazi miaka thelathini na tano, sijachelewa hata siku moja. Ndio ugonjwa huo?"

"Sijasema ugonjwa. Nimesema umo."

"Mtoto anayemwaibisha kaka yake mbele ya mji mzima ananisomea mimi karatasi."

Hyerim alisukuma bakuli lake likapinduka, wali ukatapakaa. Dakika moja baadaye alikuwa ameinama anauokota punje kwa punje, akisema samahani, samahani, kwa sauti ya haraka isiyo na pumzi, na Jongtae alikuwa amesimama juu yake akimwonyesha alizoziruka.

Jumatano iliyofuata Sunrye alimsimulia muuguzi habari za namba, akitarajia atasifiwa. Muuguzi Tak alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, karatasi hii haikutengenezwa ili uwavishe watu," alisema. "Mwenye majivuno si lazima awe mgonjwa. Anayependa mpangilio si lazima awe mgonjwa. Kinachoangaliwa ni hiki: anaweza kulegeza pale inapobidi, au hawezi hata kama inamvunja yeye na walio karibu naye? Hilo daktari mwenyewe linamchukua muda. Wewe huwezi kulijua ukiwa nyuma ya cherehani."

Sunrye aliona masikio yanamwaka. Watu sita walikuwa wanatazama sakafu kwa heshima yake.

"Binti yako anaogopa kuachwa," muuguzi aliendelea, kwa sauti ya chini zaidi. "Ukitoka unamwambiaje?"

"Namwambia nakuja sasa hivi."

"Na unarudi sasa hivi?"

"Narudi kazi ikiisha."

"Mtajie saa. Saa unayoimudu. Halafu urudi saa hiyo, iwe mvua iwe jua. Ukifanya mara moja hataamini. Ukifanya mara mia, mwili wake utaanza kuzoea."

*

Jumamosi ya kukutana ilifika na karatasi ya daktari haikuwapo. Asubuhi, Jongtae aliwakusanya sebuleni akawapa maneno ya kusema. Hyerim alichoka na kazi, mambo yakamzidi siku moja. Sasa yuko Busan kwa shangazi anapumzika. Karatasi itakuja wiki ijayo.

"Sawa, niko Busan," Hyerim alisema. Alikuwa amesimama dirishani, anavuta kucha. "Huko baridi imeanza?"

Junseop alikuwa anafunga tai kwa mara ya nne.

Sunrye alivaa viatu, akarudi ndani nusu ya sebule. "Nitarudi saa tisa kamili."

"Kuleni taratibu. Msihangaike na mimi."

"Saa tisa, Hyerim."

"Usiseme kama huwezi."

"Nimeshasema."

Chumba cha hoteli kilikuwa na meza ndefu na mlango wa kusukuma. Vyakula vililetwa kimoja kimoja, kila kimoja kidogo. Mama yake Bogyeong aligusa mkono wa gauni la Sunrye. "Umelishona mwenyewe?" aliuliza. "Inaonekana." Mzee Ban alimuuliza Jongtae analinda majengo gani, na alipojibiwa aliitikia kwa kichwa kwa furaha. "Kuna rafiki yangu anakaa pale, jengo la tano. Bila shaka umeshampandishia vifurushi."

"Gari jeupe," Jongtae alisema. "Namfahamu. Huegesha vizuri."

Saa iliyokuwa ukutani ilionyesha saa nane na dakika tano samaki alipoingia, na baada ya samaki bado kulikuwa na nyama, wali na matunda. Mzee Ban alifuta midomo.

"Na binti yenu?"

Jongtae aliyasema maneno yote kama alivyoyapanga. Uchovu, Busan, shangazi, wiki ijayo. Bogyeong alitazama sahani yake. Mzee Ban alisikiliza huku ametega kichwa, jinsi alivyowasikiliza wanafunzi waliodai daftari limesahaulika nyumbani.

"Vizuri," alisema. "Basi hiyo wiki ijayo tusubiri karatasi, ndipo tupange tarehe."

Saa nane na robo. Kutoka pale mpaka nyumbani basi lilichukua dakika thelathini na tano. Sunrye alisogeza mto wake wa kukalia, na chini ya meza Jongtae akamshika upindo wa gauni. Aliusikia uzi ukikatika alipoinuka.

"Naomba mniwie radhi," alisema. "Inabidi niende. Binti yangu nimemwahidi saa tisa."

"Si yuko Busan?" Mzee Ban aliuliza.

"Hayuko Busan. Yuko nyumbani peke yake, anatazama saa." Alimtazama Mzee Ban usoni. "Ana tatizo la haiba. Daktari hakutupa karatasi ya uzima na hatatupa. Si kichaa, na si kwamba amedekezwa. Alichofanya dukani kilikuwa kibaya, chupa zilianguka, watu walitazama, na Bogyeong hakustahili. Anajifunza kuishi nalo, na sisi tunajifunza. Mkiona hamwezi kutuozesha binti yenu, ni haki yenu. Ila mkate shauri mkijua ukweli."

Aliinama, akatoka. Junseop alikuwa amefunika uso kwa viganja.

Barazani Sunrye alikuwa anahangaika na kiatu cha kushoto Bogyeong alipomfikia na mkoba aliousahau.

"Basi la Jumamosi linazunguka mbali, mama. Nimeshakuitia teksi." Bogyeong alimshika mkono mpaka kiatu kikaingia. "Sitakudanganya. Mimi namwogopa."

"Hata mimi," Sunrye alisema.

*

Teksi ilikwama kwenye njia panda ya soko. Sunrye alipanda ngazi kwa kukimbia, na kwenye ngazi ya mwisho alimkuta Hyerim amekaa, amevaa koti, mfuko wa nguo uko magotini.

"Dakika saba," Hyerim alisema.

"Ndiyo. Dakika saba. Palikuwa na foleni sokoni."

"Dakika ya tatu nilikuita majina mabaya. Dakika ya tano nilitaka kushuka niende popote. Nikahesabu ngazi, alivyonifundisha daktari. Zimefika kumi na nane halafu nikaanza upya." Alikuwa anatetemeka kama mtu aliyetolewa majini. "Umesema nini huko?"

Sunrye angeweza kunyamaza. "Nimesema hupo Busan. Nimesema ulicho nacho."

Hyerim aliinuka. "Umewaambia wale?"

"Ndiyo."

"Nani kakupa ruhusa? Ni langu. Mimi ndiye ninayelibeba. Umenivua nguo mbele ya watu ukaja kukimbia ngazi ili nikushukuru."

Alishuka chini, Sunrye akashuka nyuma yake. Walizunguka mtaa: duka la kufulia, saluni, geti la shule, duka la kufulia tena. Hyerim alikuwa mbele, anaongea peke yake kwa hasira, anasimama, anaanza upya. Sunrye alimfuata hatua kumi nyuma na viatu vyake vya sherehe, kisigino kinamchubua. Alijua binti yake ana haki. Alijua pia kwamba pale mezani asingeweza kufanya vingine, na hakujua mambo hayo mawili yawekwe wapi. Katika mzunguko wa sita Hyerim alipunguza mwendo. Katika wa tisa walikuwa wanatembea sambamba.

"Wakati mwingine niulize kwanza," Hyerim alisema.

"Nitakuuliza."

Jongtae alirudi saa kumi na moja. Alivua viatu akaviacha kama vilivyoanguka. "Wamekula matunda, wakaondoka," alisema.

Junseop alihamia kwa mfanyakazi mwenzake na kwa mwezi mzima hakupokea simu ya mama yake. Harusi ilikuwa haijavunjika wala haijapangwa. Katika mwezi huo Hyerim alimwandikia Bogyeong barua kwa mkono. Aliandika nne, tatu alizichana kwa sababu, kama alivyomwambia daktari, mbili zilikuwa za kuomba asiachwe na moja ilikuwa ya kulaumu. Ya nne ilikuwa na mistari mitano na kila mstari ulihusu alichofanya. Aliituma Jumatatu. Jumatatu jioni hakuna jibu. Jumanne hakuna. Alizunguka mtaa, alichambua vifungo ambavyo vilikuwa vimeshachambuliwa, alimpa mama yake simu aifungie kwenye droo ya nyuzi. Hakutuma neno la pili. Alhamisi mchana droo ikalia. Bogyeong alikuwa ameandika: Nimeisoma. Kukuita dada bado siwezi. Tukioana, njoo.

Jumatano moja mlango wa darasa ulifunguka somo likiwa limeshaanza, na Jongtae akaingia na sare yake ya ulinzi. Alikaa karibu na mlango. Sunrye hakugeuka. Mwisho kabisa, watu wakiwa wanavaa makoti, Jongtae aliinua mkono.

"Mtu wa namba kumi," alisema, "akitaka kuacha kusahihisha watu, anaanzia wapi?"

Muuguzi Tak hakumuuliza ni nani. "Anaanza na kitu kidogo," alisema. "Akione kimekaa vibaya, akiache."

*

Junseop na Bogyeong walioana mwishoni mwa Novemba. Mzee Ban alikubali kwa uso tu: alikuja, aliinama, na hakumsogelea Hyerim. Ukumbi ulikuwa wa kukodi kwa saa moja moja, na maharusi waliofuata walikuwa tayari nje na wageni wao. Hyerim alikaa muda wote wa viapo. Makofi yalipoanza, na watu mia mbili wakasimama kwa pamoja, alitoka mbio kuelekea ngazi za dharura.

Mpiga picha aliita familia jukwaani. Aliwapanga kwa urefu, wanawake mbele, akasogeza mabega.

"Tuanze," alisema. "Wa saa saba wanasubiri."

"Bado mmoja," Jongtae alisema.

"Mzee, muda wetu umekwisha."

"Bado mmoja."

Mfanyakazi wa ukumbi aliingia akaonyesha saa ya mkononi. Mzee Ban alikohoa. Junseop alimtazama baba yake, kisha akatazama mbele. Bogyeong alibadilisha mkono wa kushikia maua. Sunrye hakuthubutu kutikisika. Walisimama hivyo dakika nne, safu nzima, tabasamu zikianguka na kurudi.

Hyerim aliingia uso umelowa maji ya bomba. Hakupita katikati ya viti. Alifuata ukuta, akapanda jukwaani, akasimama mwisho kabisa wa mstari, mbali na wengine kwa hatua mbili.

"Dada wa mwisho," mpiga picha alisema, "ingia ndani kidogo. Umeacha pengo."

"Hapa panatosha," Hyerim alisema.

Mpiga picha alishusha kamera akangoja mtu amsahihishe Hyerim. Jongtae alitoka kwenye nafasi yake, katikati, karibu na bwana harusi. Alipita nyuma ya safu, akisema samahani kwa kila bega, akaenda kusimama kwenye pengo. Mstari ulipinda, na upande mmoja wa bwana harusi ukabaki wazi. Alinyoosha koti lake na kutazama mbele.

"Piga," alisema.